Tochi ya Kichwani na Mikono Miwili ya Mama

Kurasa hizi hutuletea mambo ya malezi, ya jikoni na ya kuishi vema na waume zetu. Mimi leo nimewaletea habari ya tochi. Msicheke. Mwanamke anayefunga mlango wa nyumba yake saa 10 alfajiri na kuingia gizani atanielewa kabla sijafika mbali.

Mimi ni mke wa mvuvi. Tunakaa Rusimbi, hapa Kigoma Ujiji, na kazi yangu ni kununua dagaa wabichi mwaloni, kuwaanika na kuwauza. Kazi hii haijui saa za ofisini. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Usiku vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao hupanda juu, na taa ikiwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika chini yake, na migebuka nao huja nyuma kuwala hao dagaa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga hutapakaa ziwa zima, na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuwaita. Siku hizo boti nyingi hupumzika. Kwa hiyo, usiku wenye samaki ndio huo huo usiku wa giza. Sisi wanunuzi hatuwezi kungoja mbalamwezi itumulikie njia, kwa maana ikimulika, hakuna cha kufuata mwaloni.

Zamani boti zetu zilibeba karabai za mafuta ya taa, zenye kuvuma na kunuka. Siku hizi nyingi zimebadili, zinatumia taa ndogo za LED na betri. Mwanga umekuwa rahisi kwa wanaume ziwani, lakini mama wa nchi kavu bado utamwona ameshika tochi kwa meno, au ameibana kwapani, huku mikono yote miwili inapambana na beseni.

Nilipomwambia mume wangu kwamba nataka tochi ya kichwani, alicheka sana. "Mama watoto, unakwenda kuchimba dhahabu Geita?" Hakukosea sana, maana taa hizi zilianzia kwa wachimbaji. Yule Thomas Edison wa Marekani tunayemsikia kwa habari za umeme ndiye aliyetengeneza, katika miaka ya 1910, taa ya betri ya kuvaa kichwani kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe, ili waachane na taa za moto zilizokuwa zikilipua gesi migodini. Lakini baada ya kucheka alisema neno lililoniuma. Alisema nyumbani tayari kuna tochi mbili, na nyavu zinahitaji kushonwa.

Ni kweli, zilikuwapo mbili, na zote mbili zilikuwa zikilala ziwani.

Sikumjibu kwa ukali. Nilimkumbusha jirani yetu mmoja, ambaye alijikwaa kwenye kamba ya boti mwaloni, beseni kichwani na tochi mkononi. Mkono uliokuwa huru haukutosha kumdaka. Alivunjika kifundo cha mkono, na kwa miezi kadhaa watoto wake walikula kwa mikono ya ndugu. Nikamwambia: kamba zile zile ninaziruka mimi kila siku ya giza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi nunua, lakini nunua ya maana."

Ya maana ni ipi? Hapo ndipo akina mama wengi tunapumbazwa na maandishi ya kwenye boksi. Nguvu ya mwanga huhesabiwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa kama lumeni 12 hivi. Kwa kazi ya karibu, kama kuchambua dagaa au kutafuta kitu ndani ya hema, 20 au 30 zinatosha kabisa. Kwa kutembea njiani, 100 au 150 ni nyingi. Ukiona kitochi chepesi kama kiberiti kimeandikwa maelfu, jua kwamba hayo ni maneno ya biashara tu. Kinachotakiwa ni mwanga unaoweza kupunguzwa. Jaribu dukani: jifunike kitenge kichwani pamoja na tochi, uiwashe kwa mwanga mdogo kabisa, upunge vidole mbele yake. Ukiona vidole vinarukaruka kama picha za zamani, iache, itakuchosha macho.

Angalia pia rangi ya mwanga. Nyingi za bei rahisi hutoa mweupe wa kuelekea buluu, na mwanga wa namna hiyo mara nyingi hauonyeshi wekundu vizuri. Mwanunuzi wa migebuka hutazama mashavu ya samaki kama bado ni mekundu. Chini ya taa mbaya, samaki wa leo na wa jana hufanana, na hasara ni yako. Mimi nilichagua yenye umanjano kidogo. Muuzaji alinishangaa, akanisifia ile ya buluu kwamba "inawaka zaidi." Nikamwambia mimi sinunui jua.

Kuhusu maji, tafuta alama ya herufi IPX. IPX4 huvumilia kurushiwa maji na mvua ya kawaida. IPX7 huvumilia kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Mtu wa ziwani anahitaji hii ya pili. Kitufe kiwe kigumu kidogo, kisijiwashe chenyewe ndani ya kikapu, na mkanda uwe wa kuvuliwa, kwa maana jasho na harufu ya dagaa vikikutana juu ya paji la uso, hata mtoto wako atakukwepa.

Betri nazo zina maneno. Za kuchaji huokoa fedha, lakini umeme ukikatika jioni, alfajiri huna kitu. Zile za kawaida, ambazo wazee wetu huziita mawe, zinapatikana karibu kila duka. Yangu hula aina zote mbili, na huu ndio ushauri wangu kwa anayeweza kumudu. Usichanganye betri mpya na za zamani. Mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa letu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, tochi ilikaa kabatini miezi mitatu bila kazi. (Na sisi pia, ila hiyo ni habari ya siku nyingine.) Betri kavu niliziondoa zisije zikavuja na kula vyuma, na ile ya kuchaji niliihifadhi ikiwa nusu, wala si tupu wala si tele.

Tena kuna vitochi vidogo vinavyotumia betri bapa kama kifungo cha shati. Mwenye mtoto anayetambaa asiviingize nyumbani. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Usingoje itoke yenyewe. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa kuitumia. Tochi ya kichwani si lazima ikae kichwani! Nikiwa na kata na beseni, naifunga kiunoni juu ya kitenge. Kumbe hata bila mzigo, njia yenye makorongo ya mvua huonekana vema zaidi hivyo. Mwanga ukitoka karibu na macho yako hufuta vivuli, na shimo linaonekana kama ardhi tambarare. Ukitoka chini, kila jiwe hutupa kivuli chake. Wakati wa ukungu au moshi pia ishushe, usije ukajimulika mwenyewe. Kinyume chake, ukitaka kujua kama kuna mbwa au mnyama mbele yako, irudishe kwenye paji, kwa sababu macho ya wanyama hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, nawe utayaona yakiwaka.

Na adabu. Mtu aliyezoea giza ukimmulika usoni unamnyima macho, na huchukua hata nusu saa kuyarudisha yote. Nikikutana na mzee naikinga kwa kiganja kwanza, ndipo namwamkia shikamoo. Vijana wa boti wakinimulika mimi, nawakaripia kama mama yao.

Thamani yake kubwa niliiona asubuhi moja ya masika, saa 11, mvua iliposhuka ghafla nikiwa mwaloni na dagaa wa jana hawajakauka kwenye vichanja. Nilikusanya kwa mikono miwili, nikavuta turubai kwa mikono miwili, nikafunga kamba kwa mikono miwili. Waliokuwa na tochi mkononi waliokoa nusu.

Baada ya siku ile mume wangu akaiazima. Msomaji, kina cha ziwa letu ni takriban mita 1,470, na kinachozama hakirudi. Aliporudi hakusema lolote hadi alipokwisha kunywa chai. Ya pili aliinunua yeye, na moja ya kwake pia, na zote mbili nimezifunga uzi wa nailoni wa kufungia shingoni.

Mwaka jana binti yetu alikwenda Gombe na wenzake wa klabu ya mazingira ya shule, walale kwenye mahema. Aliniomba tochi. Nilisita, si kwa ajili ya tochi. Sisi akina mama tunajua jinsi wasichana wanavyojinyima maji mchana kutwa ili usiku wasilazimike kutoka nje, wakaumwa kwa hilo, na hawasemi. Nikampa. Nikamwambia, unywe maji. Ukitaka kutoka, mwamshe mwenzako, mwende wawili, tochi imulike miguuni na si kwenye mahema ya watu. Ndani ya hema weka mwanga mwekundu kama upo, hautawaharibia wenzako macho. Usiitundike ikiwaka mlangoni, wadudu wote wa msituni watakuja kulala nanyi. Betri za akiba ziko kwenye soksi.

Alirudi siku ya tatu. Akaniambia kwamba katika hema lao walikuwa wasichana wanne na tochi ilikuwa hiyo moja, na kwamba yeye ndiye aliyewasindikiza wote chooni, kila usiku, hata wale wa hema la jirani. Betri za akiba zilikuwa zimekwisha. Mkanda ulinuka moshi wa kuni badala ya dagaa. Niliufua nikauanika uani, na saa 10 alfajiri ulikuwa bado una unyevu nilipoufunga kiunoni.