TAA HAINA SHIDA, PASTA

Naandika haya grisi haijatoka kwenye kucha, lakini moyo ni mwepesi.

Wengi wenu mnaijua Land Rover yetu ya huduma, Series III. Ni mzee, kwa maana aina hiyo ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa wiki tatu taa zake za mbele zilikuwa hafifu kama kibatari. Nikiwasha indiketa, taa ndogo ya upande uleule nayo inapepesa. Jumatano nikitoka Bangale usiku ulinikuta njiani. Nilivuka daraja la Tana nikifuata taa za lori lililokuwa mbele yangu.

Nilibadilisha balbu. Nikabadilisha fyuzi. Nikanunua betri mpya kwa pesa za kukopa. Bado giza! Wapenzi wa magari ya zamani ya Uingereza, kama MG na Triumph, wana utani wao: Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari hayo, wameibatiza "Mkuu wa Giza." Nami, wapendwa, niliweka mkono juu ya boneti nikakemea. Lakini kosa halikuwa la Lucas, na safari hii halikuwa hata la shetani.

Jana nilimpelekea mzee mmoja Msomali, fundi wa nyaya za magari hapa mjini. Hakugusa balbu. Alichukua kipande cha waya, ncha moja akaifunga kwenye hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye waya mweusi wa taa. Taa ikawaka kama mchana! Akacheka: "Pasta, taa haina shida. Umeme unafika. Hauna njia ya kurudi."

Waya mweusi ndio ethi. Umeme ukishapita kwenye balbu, lazima urudi kwenye betri kupitia bodi na chesisi. Bodi ya Land Rover ni alumini, chesisi ni chuma, na pale zinapokutana, unyevu na miaka huleta kutu. Njia hiyo ikiziba, umeme hutafuta kurudi kupitia taa jirani. Ndiyo maana taa ndogo ilikuwa inapepesa pamoja na indiketa. Tulifungua bolti, tukapiga msasa hadi pakang'aa, tukakaza, tukapaka grisi. Kazi ya robo saa.

Nilirudi nyumbani kimya. Tangu Januari sijazungumza na kaka yangu wa tumbo moja, kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Miezi yote hiyo nimefunga, nimekesha, nimesema ibada imepoa, nikabadilisha nyimbo, nikabadilisha saa. Balbu na betri, wapendwa! Neema ilikuwa inafika. Njia ya kurudi kwa kaka yangu ndiyo iliyoshika kutu.

Soma Mathayo 5:23-24 leo, taratibu. Sadaka inaweza kusubiri. Kupatana hakusubiri.

Jana usiku nilimpigia. Simu iliita mara mbili, hakupokea. Mara ya tatu akapokea, akaniita kwa jina langu la utotoni. Habari ya shamba hatujaimaliza, lakini tumeongea.

Wewe je, mpendwa? Kabla hujanunua betri nyingine, kagua ethi. Kuna nani ambaye njia yenu imeshika kutu? Mpigie leo. Andika "Amina" ukishapiga, si kabla.

Mbarikiwe.