Damu ya Mwitu katika Nyanya

Neno mwitu halina heshima kubwa katika lugha yetu. Mbwa akiongezewa neno hilo huwa adui wa zizi, na mtu akiambiwa ana tabia za mwituni huona ametukanwa. Walakini kwa upande wa nyanya dharau hiyo si haki.

Dada yangu hulima nyanya Singe, katika mji wa Babati. Adui wake mkuu ni kiwavi aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta na wakulima wakampa jina la kanitangaze. Kwa mwalimu wa sarufi jina hilo ni tamu, maana ni sentensi nzima: nenda ukanitangaze. Shambani utamu huo haupo. Kiwavi hujichimbia ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha huingia katika tunda, na dawa haimfikii kwa urahisi. Dada hununua dawa hii, akaijaribu na ile, hata fedha ya sare za watoto ikaishia katika chupa.

Kiwavi huyo asili yake ni Amerika ya Kusini. Huko ndiko waliko pia jamaa wa mwitu wa nyanya, tangu Ecuador na Peru hata Chile. Baadhi yao matunda yao ni madogo, hubaki ya kijani hata yakiiva, wala hayatamaniki mezani. Lakini mmoja wao, Solanum habrochaites, ana vinyweleo vinavyotoa utomvu unaowachukiza wadudu wengi, na kanitangaze ni mmoja wao.

Msomaji atauliza, kwa nini basi wasiozwe? Ndoa hiyo ina mashaka. Ua la nyanya ya bustani hufunguliwa lingali changa, likaondolewa chavulio lake lisijichavushe, kisha likapakwa chavua ya mwitu. Kwa jamaa aitwaye Solanum peruvianum mimba huingia, lakini kiinitete hufa ndani ya tunda. Mwaka 1944 mtaalamu P. G. Smith wa California alitangaza kwamba amekitoa kiinitete hicho kabla hakijafa, akakilea katika chombo cha kioo, kikawa mche. Kutokana na ukoo huo ilipatikana jeni ya kuwapinga minyoo fundo wa mizizini, ingawa nguvu yake hulegea udongo ukipita joto la nyuzi 28.

Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo ni nusu mwitu, hafai sokoni. Hurudishwa kwa nyanya ya bustani tena na tena. Baada ya mara 6, damu ya mwitu iliyosalia kwa wastani haifiki sehemu 1 katika 100. Kazi ni kuhakikisha kwamba sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyobeba kinga. Kwa minyoo fundo jeni moja ilitosha. Vinyweleo hutawaliwa na jeni nyingi, na kuzihamisha zote pamoja bila kuchukua uchachu na udogo wa tunda ni kazi ya miaka.

Nami nina upendeleo wangu. Mbegu chotara yataka kununuliwa kila msimu, maana watoto wake hawafanani nayo. Tengeru 97, iliyotoka Tengeru karibu na Arusha, mkulima aweza kuikamua mbegu, akaianika, akaipanda mwakani. Kinga ya vinyweleo ikipatikana, ningependa iwekwe katika mbegu ya namna hii kabla ya ile ya dukani.