Mshale wa Mafuta na Mpwa Wangu

Kuna wakati nisingethubutu kuyasema haya. Nayasema kwa ajili ya mwenzangu mwenye gari la zamani, ambaye mshale wa mafuta umeanza kumpa habari zisizoeleweka, naye ameanza kuwatazama watu wa nyumbani kwake kwa jicho baya. Mimi nimepita hapo.

Gari letu ni Corolla ya miaka ya tisini, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Limetusaidia kulea watoto. Tanki lake linachukua lita 50, lakini sikuwahi kulijaza. Nilikuwa naweka mafuta ya elfu ishirini, au ya elfu thelathini mambo yakiwa mazuri, na mshale ukaishi kati ya robo na nusu mwaka hadi mwaka. Sikujua kwamba desturi hiyo inaacha alama ndani ya tanki.

Wakati huo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anakaa kwetu Kibaha huku akisomea ufundi wa magari. Ndiye aliyekuwa analiosha gari asubuhi na kulitoa nje ya geti. Jioni moja nilirudi nyumbani mshale ukiwa kwenye nusu. Asubuhi alilitoa nje kama kawaida, nami nilipokwenda nalo mwendo mfupi tu, mshale ukaanguka mpaka chini kabisa. Sikuuliza swali lolote. Hukumu nilikuwa nimeshaitoa moyoni.

Ilipojirudia, kijana aliniambia kwa adabu, "Mjomba, hilo linaweza kuwa boya la kwenye tanki. Tufungue tuangalie." Mimi nikasikia mtu anayejitetea. Nilimtolea maneno ambayo sitayarudia hapa, mbele ya mke wangu na watoto. Hakujibu. Alikusanya vitu vyake, akahamia kwa rafiki yake Mbezi. Dada yangu aliponipigia simu kuuliza kulikoni, nilimwambia mwanawe ni mwizi.

Kijana aliondoka, lakini mshale uliendelea kuanguka. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nilikuwa nimeliona tangu mwanzo: baada ya kulala chini, mara nyingi mshale ulipanda tena wenyewe hadi robo, gari likiwa barabarani. Mwizi gani anaiba usiku na kurudisha mchana bila kufungua kifuniko? Swali hilo lilinijia, nikalifukuza, kwa sababu jibu lake lingenilazimu kupiga simu Mbezi. Nikahamishia lawama kwenye vituo vya mafuta. Mwishowe nikazoea tu. Taa ya onyo ilikuwa imeungua siku nyingi, na mshale ukilala chini nilijiambia kwamba utaamka.

Siku moja nilimpeleka mama kliniki Muhimbili. Tulirudi jioni, foleni ya Kimara ikiwa imefunga kabisa. Mshale ulilala chini, nami sikushtuka. Tulipofika Kibamba gari likaanza kukatakata, kisha likazima. Safari hii mshale ulikuwa umesema kweli, nami nilishapoteza uwezo wa kutofautisha kweli yake na uongo wake.

Giza lilikuwa limeingia na malori yanapita karibu nasi. Mama, mtu mzima na mgonjwa, alikaa kiti cha nyuma bila kunilaumu. Alitoa simu kwenye mkoba wake, nikamsikia akisema, "Mjukuu wangu, tumekwama Kibamba na mjomba wako. Mafuta yameisha." Sikuwa na uso wa kumzuia, wala wa kuomba mwenyewe.

Alikuja kwa bodaboda, ameshika kidumu. "Shikamoo, mjomba." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu aondoke nyumbani kwangu. Akamsalimia bibi yake, akamimina mafuta, akakaa kwenye usukani na kupiga starti mpaka gari likawaka. Nilipotoa pesa alikataa. Nilisubiri anikumbushe yale niliyomtendea, maana ilikuwa haki yake. Hakusema kitu. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuonea. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, iliniuma sana. Lakini nimekusamehe. Jumamosi nitakuja tufungue tanki."

Jumamosi alikuja kweli. Aliinua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha bati kilicho chini yake, akachomoa plagi ya waya za geji. Akafungua swichi na kuziunganisha waya mbili za upande wa gari kwa kipande kifupi cha waya. Nikiwa mbele, nikaona mshale unapanda polepole kuelekea kwenye alama ya kujaa. Alitenganisha waya mara moja, asije akaunguza geji. "Mjomba, dashibodi ni nzima, na waya ni nzima. Shida iko ndani ya tanki."

Kabla ya kugusa tanki alichukua tahadhari zote. Gari lilikuwa uwanjani, penye hewa. Alichomoa plagi ya pampu, akaacha injini ingurume mpaka ikazima yenyewe, ili mgandamizo kwenye mpira wa mafuta uishe. Alitoa waya wa hasi wa betri. Watoto aliwaambia wakae mbali, simu zikawekwa ndani. Alinieleza kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya, na cheche moja inatosha.

Kisha akaitoa senda, yaani kipimo cha mafuta kinachokaa ndani ya tanki, kwa kuilaza upande, taratibu, asipinde mkono wake, akanionyesha inavyofanya kazi. Boya limefungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, na mkono unaburuta kidole kidogo cha chuma juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Kwenye gari kama letu tanki likijaa ukinzani ni takribani omu 3, na likiwa tupu ni takribani omu 110. Ukinzani ukipungua mshale unapanda, ukiongezeka unashuka. Mguso ukikatika kabisa, mshale unalala chini hata kama mafuta yapo.

Aliweka mita ya kupimia ukinzani, akaanza kuinua boya kutoka chini. Namba zilishuka vizuri. Ghafla, kabla ya nusu, mita ikakosa kusoma. Alipoinua zaidi, namba zikarudi. Pale palipokosa kusoma kipande kilikuwa kimekwanguka, kwa sababu ndipo kidole kilipokwenda na kurudi miaka yote niliyokuwa naweka mafuta kidogo kidogo. Mafuta yakishuka mpaka hapo, mshale unaanguka. Yakishuka zaidi, kidole kinafika kwenye sehemu nzima na mshale unapanda. Wizi wote niliomshitakia kijana ulikuwa pale, mkononi mwake, na ni mimi niliyeusababisha.

Kama kipande kingekuwa kimechafuka tu, kingesafishwa kwa dawa ya kusafishia mguso. Kama kingechakaa kidogo, kidole kingepindwa kiasi kiguse njia mpya. Chetu kilikuwa kimekwisha. Tulikwenda Ilala kutafuta senda iliyotumika, ya gari la toleo lilelile. Mpwa wangu aliipima kwa mita pale dukani kabla hatujalipa, kwa kuwa senda ya gari jingine inaweza kuingia kwenye tundu vizuri lakini omu zake zikawa tofauti, na mshale ukaendelea kudanganya. Tulinunua na gasketi mpya. Tulipoifunga aliwasha gari, akakagua kama kuna uvujaji au harufu, kisha tukaenda kituoni kuongeza mafuta kidogo kidogo huku tukiutazama mshale. Ulipanda bila kuruka popote.

Jioni hiyo nilimpigia dada yangu. Nilifuta nilichosema, mbele ya mke wangu na watoto, kwa kuwa kijana nilimdhalilisha mbele yao. Dada alilia, na haikuwa rahisi. Imani yake kwangu inarudi polepole, na sina haki ya kuiharakisha. Mimi pia sijapona kabisa. Kitu kikipotea nyumbani, jina la mtu hunijia kabla ya swali. Siku hizi najitahidi nianze na swali. Kijana alirudi kukaa nasi mpaka akamaliza masomo, na watoto wangu wameona kwake namna ya kusamehe ambayo sikuwafundisha mimi.

Mwenzangu, kama mshale wako unaanguka na kupanda bila sababu, usiuzoee na usimtafute mwizi. Anza na plagi ya kwenye tanki. Kazi hiyo haichukui muda mrefu wala haihitaji pesa nyingi. Na kama umeshamtaja mtu kwa ubaya, usisubiri ukwame barabarani ndipo umtafute. Mimi nilisubiri, akaja yeye, na hilo sikustahili. Nenda wewe kwanza.