Chupa ya Mafuta ya Kuotesha Nywele

Chupa ile bado iko dirishani pangu, Mlima Meru ukionekana nyuma yake. Haina jina la mtengenezaji, wala tarehe, wala kipimo. Lebo inataja mshubiri, mlonge na rosemari, basi. Binti yangu aliinunua sokoni hapa Arusha nywele za panjani zilipoanza kumtoka, akaipaka miezi minane.

Sina ugomvi na mimea. Bibi yangu alitutuliza majeraha ya moto kwa utomvu wa mshubiri, na sikuwahi kumcheka. Mwaka 2015 watafiti wa Iran walilinganisha mafuta ya rosemari na minoksidili ya asilimia 2 kwa watu 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi sita matokeo yalikaribiana. Ni utafiti mmoja tu, tena mdogo, lakini watafiti wale walijua wanatibu upara upi.

Wa binti yangu haukuwa huo. Daktari wa ngozi kule Moshi hakuuliza kwanza habari za mafuta, alishika misuko. Nywele zimevutwa mno kwa miaka, alisema. Ukiziachia mapema, hurudi. Ukichelewa, pale pa mizizi hugeuka kovu, na kovu halioti kitu. Upande wa kushoto umekwisha kufika huko. Mafuta hayakumchoma wala kumwasha. Yalimpa tu matumaini ya kuendelea kusuka.

Nilirudi kwa muuzaji.

“Mama, hii ni dawa?”

“Dawa kabisa, mzee wangu.”

“Imesajiliwa Baraza la Tiba Asili?”

Akacheka. “Aa, mzee, haya ni mafuta tu ya kupaka.”

Pengine hakujua alivyojibu kwa werevu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inahusu tiba. Vipodozi, tangu 2019, vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Chupa ni dawa inapouzwa, ni kipodozi inapoulizwa.

Ninyi mlio katika ofisi hizo, ambao baadhi yenu mliketi darasani mwangu, siombi mvunje kibanda cha yule mama. Naye ana watoto wa kulisha. Naomba lebo: nani katengeneza, lini, ndani mna kiasi gani cha nini, na mstari mmoja wa kumwambia mnunuzi alegeze misuko kwanza.

Binti amenyoa kipara. Jana alinitazama kichwani akasema sasa tunafanana.