Kata plastiki, usijikate wewe

Wasee, leo tuongee kuhusu mtungi wa mafuta. Ule mweupe wa lita 20 ambao kwetu Kawangware kila nyumba huwa nao kwa sababu maji ya mfereji huja siku yakitaka. Mwaka jana nilikata mitungi minne ya aina hiyo, nikaunganisha vipande, nikavivaa kifuani na mgongoni, nikapanda mat hadi Westlands na kofia yangu ndani ya gunia. Kondakta aliniuliza kama mimi ni wa zimamoto. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Picha mliziona na mkacheka na mkapenda, asanteni. Lakini kuna wiki tatu kabla ya hizo picha ambazo sijawahi kuziongelea. Naziongelea sasa kwa sababu mwezi huu wasichana wawili wameniandikia wakiniuliza swali moja: "Nipunguze kilo ngapi ndio vazi linitoshee?"

Tuanze mwanzo. Kama hujui kosplei, ni kuvaa kama mhusika wa filamu, komiki, anime ama gemu, na nusu ya raha ni kujitengenezea mwenyewe. Nairobi tuna mikutano kama NAICCON iliyofanya watu waanze kutuzoea, lakini ukitembea Moi Avenue na upanga wa plywood bado utaitwa majina. Mimi nilichagua stormtrooper, wale askari weupe wa Star Wars. Sababu ilikuwa moja tu: ndani ya ile kofia hakuna anayejua wewe ni nani. Mimi ni mfupi na nina mwili. Tangu darasa la sita watu wamekuwa na maoni kuhusu huo mwili, kuanzia mashangazi hadi muuza mandazi. Nikaona hapa nimepata vazi ambalo litanificha hata mimi nipumzike.

Kumbe ndilo litanifanya niujue mwili wangu sentimita kwa sentimita.

Yale mavazi ya filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, yalitengenezwa kwa bati jembamba la plastiki linalopashwa moto mpaka lilegee, kisha linavutwa kwa hewa likae juu ya umbo. Sisi hatuna hiyo mashine, na kuagiza vipande kutoka ng'ambo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kwa hivyo nilifanya ya mtaani. Mitungi kwa kifua, mgongo na tumbo. Paipu ya PVC ya inchi 4 kwa mikono na miguu, vipande vilivyobaki nilivyopewa na fundi wa mabomba kwenye nyumba moja inayojengwa Kileleshwa. Kofia ni sponji ya yale mazulia ya watoto ya kuunganisha. Michoro ya kukatia niliipata kwenye intaneti, nikaichapisha kwa saiba moja tao, karatasi nyingi mpaka jamaa wa saiba akaniuliza kama ni tenda ya serikali.

Nikakata kila kitu kwa kufuata michoro, milimita kwa milimita, kama Biblia. Nikavaa. Kipande cha kifua na cha mgongo vilikataa kukutana. Kila upande palibaki pengo la kuingiza kiganja changu, vidole vimepanuliwa. Na kwa sababu mimi ni mfupi, ukingo wa chini ulinidunga mapajani kila nikijaribu kukaa.

Mtu mwenye akili angesema michoro hii ilichorwa kwa mwanaume mrefu mwembamba. Mimi nilisema: mwili wangu ni mkubwa.

Onyesho lilikuwa wiki tatu mbele. Nikaacha chakula cha mchana. Baadaye nikaacha cha asubuhi pia, nikawa nakunywa chai ya rangi na kumwambia mathe nimekula kazini, na kazini nikisema nitakula nyumbani. Usiku nilikuwa najifunga leso tumboni kwa nguvu, kisha naingia ndani ya plastiki kupima kama pengo limepungua. Kila usiku. Likipungua kidogo nalala na furaha na njaa. Lisipopungua nalala na hasira na njaa. Sikuona kama ni tatizo. Nilikuwa naita nidhamu.

Siku moja nilikuwa Kirinyaga Road natafuta riveti fupi. Jua kali, makelele, moshi wa magari yanayotengenezwa kando ya barabara. Nikasikia masikio yanaziba, halafu taa zikapungua. Muuzaji, mzee wa makamo, alinishika mkono akanigeuzia mkebe wa rangi nikae.

"Umekula, mami?"

"Nimekula, baba."

Alinitazama, akatuma kijana alete maziwa na ndazi. Hakunihubiria. Aliendelea kuhesabu riveti zake mpaka nikamaliza ndazi lote, ndipo akanipa mzigo wangu. Alikataa pesa ya maziwa.

Nikienda nyumbani nilikuwa na aibu lakini sikuwa nimejifunza kitu, nisijidanganye. Jioni hiyo hiyo nilipeleka vipande kwa jirani yetu fundi wa cherehani anishonee velkro. Akaniambia nivae kwanza aone.

"Anti, usijali hizo pembeni. Kufikia ijumaa ijayo itafunga."

"Itafunga aje?"

"Nitakuwa nimepungua."

Alivuta pini kutoka mdomoni. "Wewe, huu mtungi ulikuwa na mafuta ya kupika. Juzi tu. Na leo unataka uukondee?"

Nikacheka, nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo. Kisha akachukua futi yake, akapima kifua, chini ya kwapa, kiuno, kutoka bega hadi kiuno nikiwa nimesimama, halafu tena nikiwa nimekaa. Aliandika namba kwenye boksi ya biskuti bila kusema lolote kuhusu hizo namba. Hakusema ni kubwa wala ndogo. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kupimwa bila hukumu. Akasema kitu ambacho mafundi wote wa nguo wanajua na sisi wa kosplei tunasahau: ukikata nguo unapima mtu, huanzi na nguo ndio utafute mtu wa kuingia.

Sasa hii sehemu ni ya wale wanaotaka kutengeneza. Chukua kalamu.

Kwanza, tengeneza lote kwa katoni. Vaa katoni, inama, inua mikono, kaa, vuta pumzi mpaka mwisho. Palipokunja au kudunga, chora. Katoni ikikubali ndipo uguse plastiki.

Pili, jua plastiki yako. Geuza mtungi uangalie pembetatu chini. Ukiona namba 2, hiyo ni HDPE: ni ngumu, haivunjiki ovyo, lakini gundi haiishiki na rangi inabanduka kama gamba. Ndiyo maana nilichagua mtungi ambao tayari ni mweupe, na ndiyo maana nilitumia riveti. PVC ni namba 3. Hiyo hulegea hata kwa maji yaliyochemka, kwa hivyo loweka kipande, vaa glavu nene, kipanue ama kikunje juu ya chupa, kisha kimwagie maji baridi kishike umbo. Usiwahi kuchoma PVC kwa moto wa jiko. Moshi wake una asidi, na hakuna vazi la thamani ya mapafu yako.

Tatu, kata kidogo kidogo. Bandika tepu ya karatasi, chora mstari, kisha acha sentimita moja nje ya mstari. Kisu kiwe kipya, kiende mbali na mkono wako, upite mara tano sita kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Vaa, angalia, punguza tena. Ulichokata hakirudi. Mashimo ya kwapa yangu niliyashusha mara nne kabla mkono haujainuka bila kukwaruzwa. Ukingo wa chini niliutoa sentimita 6 nzima. Nyuma ya goti nilikata mwezi mdogo, la sivyo ngazi za Kenya zingenimaliza.

Nne, pengo la pembeni. Hili ndilo nililolilia wiki tatu, na lilichukua jioni moja. Nilikata mtungi wa nne vipande viwili virefu, nikavipiga riveti upande wa mgongo tu, vikapita chini ya kipande cha kifua kwa ndani. Juu yake mikanda ya elastiki na velkro. Nikivuta pumzi vinateleza, nikitoa vinarudi. Nje unaona mstari mmoja mweupe safi.

Tano, msasa. Namba 120 kwanza, 240, mwisho 400. Kila ukingo, hata usioonekana. Ukingo usiopigwa msasa utakukumbusha saa nane mchana ukiwa kwenye foleni ya choo.

Mtihani wa mwisho ni mat. Kama unaweza kukaa kiti cha nyuma, katikati, na kondakta akakuambia usonge, na ukasonga, vazi lako liko tayari. Langu lilipita.

Onyesho lenyewe? Lilikuwa poa. Watoto waliniomba nipige nao saluti. Kuna jamaa mmoja alikuja, akanizunguka kama mtu anayenunua gari, akasema, "Stormtrooper hakuwagi na shepu hiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hiyo sentensi tangu darasa la sita. Lakini ilipofika sikuumia kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimekula. Nilikuwa naweza kupumua. Nikamuuliza ameona filamu ya kwanza kweli, ile ambayo Luke anavaa vazi la askari mmoja kumwokoa Leia, na Leia kabla hajajua ni nani anashangaa huyu askari mbona mfupi. Huo mzaha una umri mkubwa kuliko wangu na wake. Tangu siku ya kwanza, hilo vazi limevaliwa na mtu ambaye halikuwa saizi yake, na kazi ikafanyika.

Na kwa wale wa "lazima ifanane kabisa": mwaka 2011 kesi ya kofia hiyo hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, kampuni ya Lucasfilm ikibishana na Andrew Ainsworth, jamaa aliyezitengeneza wakati wa filamu na baadaye akaanza kuziuza. Mahakama ilisema kofia ile haihesabiki kuwa sanamu kisheria, ni kifaa cha kutumika kwenye filamu. Walikuwa wanazungumzia hakimiliki, si kiuno changu, najua. Lakini niliposoma nilitabasamu. Kifaa hurekebishwa ili kitumike. Si mimi ninayepaswa kuwa nakala.

Sijasema mtu asifanye mazoezi, wala sijasema usitamani kubadilika. Hiyo ni yako na daktari wako. Ninachosema ni kwamba mchoro wa bure kutoka intaneti, uliochorwa na mtu asiyekujua, hauna ruhusa ya kukuwekea ratiba ya kula. Na sisi tunaotoa maoni chini ya picha za watu, tuwe makini. Tukiona mshono mbaya tuseme mshono ni mbaya. Rangi imebanduka, tuseme. Hayo mtu atarekebisha na kisu na msasa. "Wewe ni mnene sana kwa huyo mhusika" anarekebisha na nini? Mimi najua alichonacho mkononi usiku huo. Ni leso na tumbo tupu.

Kwa hivyo jibu langu kwa wale wasichana wawili ni hili. Msipunguze kitu. Kuleni, halafu mtafute futi na mtu wa kuwapima ambaye hatasema lolote kuhusu namba. Kama ni plastiki ndiyo imepungukana, mitungi iko, hata hapa kwetu nimebaki na mmoja.

Na bado sijamrudishia yule mzee wa riveti maziwa yake. Jumamosi nateremka tao na lita mbili.

Ukiwa na swali kuhusu PVC, niulize. Kuhusu kilo zangu, usiniulize.