Chanjo Iliyoharibikia Ndani ya Kuli Boksi



Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya malisho ya kiangazi, lakini watu watatu wameniuliza swali lilelile: "Bwana mifugo, kwa nini ng'ombe aliyechanjwa anaugua ugonjwa wa miguu na midomo?" Swali hilo nalijua. Niliwahi kuulizwa na mama mmoja nikiwa nimesimama zizini kwake, na siku ile sikumjibu kweli. Leo nalijibu, ingawa sehemu ya jibu ni kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali. Nilitoka mjini asubuhi kwa pikipiki, chupa za chanjo zikiwa ndani ya kuli boksi pamoja na barafu. Njiani nikapata pancha. Kwa fundi kulikuwa na foleni, na boksi likabaki juani kwenye keria hadi mchana. Nilipofika kijijini na kulifungua, barafu yote ilikuwa imekwisha kuwa maji, na maji yenyewe vuguvugu. Nikazitazama chupa: rangi ileile, ujazo uleule. Watu walikuwa wamekusanya ng'ombe kwenye kibanio tangu alfajiri, wengine wametoka mbali. Nikaona haya kuwarudisha. Nikachanja.

Miezi miwili baadaye ugonjwa ukaingia. Ng'ombe wa yule mama alikuwa anachuruzika mate, ana malengelenge kwenye ulimi na fizi, anachechemea. Alikuwa akitoa lita 12 kwa siku, akashuka hadi chini ya 2. Ndama wake akafa, kwa sababu kwa ndama wachanga ugonjwa huu hushambulia moyo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, ile sindano uliyochoma ilikuwa dawa au maji? Ada ya mtoto ilikuwa kwenye maziwa haya."

Nikamwambia huenda kirusi kilikuwa cha aina nyingine, tofauti na ile iliyomo kwenye chanjo. Hilo hutokea kweli. Lakini sampuli ilipopimwa, majibu yalisema aina ya O, na lebo ya chupa zangu ilikuwa imeandikwa O. Hapo ndipo nilipokumbuka yale maji ya vuguvugu.

Sasa tuone ni nini hasa kilichoharibika ndani ya zile chupa.

Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo ni kidogo mno. Ukipanga virusi 1,000,000 kwenye mstari mmoja, urefu wake ni kama sentimita 3 tu. Katikati yake kuna uzi wa maelekezo ya kutengeneza virusi vingine, na uzi huo umefungiwa ndani ya ganda la protini ambalo wataalamu huliita kapsidi. Fikiria mpira ulioshonwa kwa vipande 12, kila kipande kina pembe tano. Kila kipande kimeundwa na vikundi vitano vya protini, na kila kikundi kina protini nne: VP1, VP2, VP3 na VP4. Tatu za kwanza ziko nje, ya nne imejificha ndani. Ukihesabu zote, mpira mzima una protini 240. Umbo hilo wanasayansi wa Uingereza walilichora kwa undani na kulitangaza mwaka 1989.

Ganda hilo lina kazi mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kuulinda ule uzi wakati kirusi kinasafiri kwenye mate, buti, tairi la lori au upepo. Ya pili ni kufunguka kikishaingia kwenye chembe ya mwili wa ng'ombe, maana ganda lisilofunguka haliwezi kuachia uzi wake. Protini ya VP1 ina kitanzi kilichochomoza nje, na hicho ndicho hushika mlango wa chembe. Kirusi kikishamezwa na chembe, hukuta mazingira ya uchachu. Uchachu huo hulegeza mshono kati ya vile vipande 12, mpira unafumuka, na uzi unatoka kuanza kazi yake mbaya.

Kwa hiyo mshono wa kirusi hiki ni mlegevu kwa asili. Uchachu huufumua, na joto pia huufumua.

Chanjo zetu nyingi za ugonjwa huu zina virusi vilivyouawa, lakini ganda limeachwa zima. Mwili wa ng'ombe hulisoma umbo la nje la ganda na kutengeneza askari wa kulikamata. Mpira ukiwa mzima, mwili hujifunza vizuri. Ukifumuka na kubaki vipande 12, mwili hujifunza kidogo sana, kama mtu unayemtaka amtambue mwizi kwa kumwonyesha kidole chake tu. Protini zote bado zimo ndani ya chupa, ila umbo halipo. Na kwa macho huwezi kujua. Tena aina ya O ni mojawapo ya zile ambazo ganda lake hufumuka upesi kwa joto. Ndiyo maana chupa zangu zilionekana nzima nami nikachoma.

Sura ya ganda ndiyo inayoeleza pia suala la aina. Kirusi hiki kina aina 7, na hapa Tanzania zimepatikana O, A, SAT 1 na SAT 2. Tofauti zao kubwa ziko juu ya ganda, hasa kwenye VP1. Askari waliofunzwa kukamata O hawamtambui SAT 2. Kabla ya kununua, uliza chanjo hii ina aina zipi, na zipi zimeonekana eneo lako.

Udhaifu ulioniumbua mimi unaweza kukusaidia wewe. Kirusi cha UVIKO-19 kina koti la mafuta, hivyo sabuni hukipasua. Hiki hakina koti hilo, na sabuni peke yake huondoa uchafu tu. Tumia kinachofumua mshono:

1. Magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti: gramu 40 kwa lita 1 ya maji, sawa na gramu 800 kwa ndoo ya lita 20. Vaa glovu.
2. Au siki ya dukani yenye asilimia 5: vikombe 2 vya siki kwa vikombe 3 vya maji.
3. Usichanganye magadi na siki, maana kimoja huua nguvu ya kingine.
4. Sugua matope na kinyesi kwanza, kisha paka dawa kwenye buti, ndoo na matairi.

Kuhusu chanjo yenyewe: itunzwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Isigande, kwa sababu kuganda nako huiharibu. Wewe mwenye duka la pembejeo, friji ya chanjo isiwe friji ya soda inayofunguliwa kila dakika, na umeme ukikatika kwa muda mrefu, sema ukweli kwa mteja. Chupa ikishatobolewa itumike siku hiyohiyo. Wewe mnunuzi wa mnadani, mtenge ng'ombe mgeni siku 14 kabla ya kumchanganya na wengine, hata kama umeambiwa amechanjwa.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza habari ya pancha na maji ya vuguvugu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ungetuambia siku ile, tungekula hasara ya siku moja tu." Sikuwa na la kuongeza. Maziwa ya ng'ombe yule hayakurudi kama zamani.

Siku hizi nina kipimajoto ndani ya boksi, na barafu ikiyeyuka njiani nageuza pikipiki. Msimu uliopita nilipofika kijijini kwake, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kabla ya kumwingiza ng'ombe kibanioni, aliniambia mbele ya watu wote, "Bwana mifugo, fungua kwanza hilo boksi tuone." Nikafungua. Kilisoma nyuzi 5.

Nawe mwambie hivyo hivyo anayekuja kuchanja kwako, hata kama ni mimi.