Kifuniko Kisichokomeka

Ilikuwa Jumatano, msimu wa masika, nami nilikuwa katika chumba cha walimu huku Nyamira nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu. Simu ikalia. Aliyepiga alikuwa binti anayemtunza mamangu kule nyumbani Tabaka, upande wa pili wa mji wa Kisii.

"Mwalimu," alisema, "mashine ya kufua imegoma."

Huenda msomaji akacheka kwamba mtu mzima aliacha insha arobaini mezani kwa sababu ya mashine ya kufulia. Mamangu alipatwa na kiharusi miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo upande wake wa kulia haumtii. Mashuka yake hufuliwa kila siku, na siku mbaya hufuliwa mara mbili. Aliyewahi kumwuguza mzazi kitandani anajua kwamba heshima ya mgonjwa huanzia kwenye shuka kavu. Tena Kisii si mahali pa kuanika nguo ukazisahau. Aghalabu mvua hushuka alasiri, na nguo isiyokamuliwa vizuri hulala siku mbili kambani ikinuka uvundo. Binti yule alikuwa akifua kwa mikono mpaka vidole vikachubuka. Ndipo sisi ndugu tukachanga, tukanunua mashine ile ya kufungukia juu.

Binti ni mzaliwa wa Kakamega. Haongei Ekegusii, nami Kiluhya nakisikia tu redioni. Kiswahili ndicho daraja letu, na siku hiyo nililiamini daraja hilo kupita kiasi.

"Umefunga kifuniko?"

"Nimefunga."

"Una hakika kimefungwa?"

"Kimefungwa, Mwalimu. Lakini taa ya kufuli inawakawaka. Maji yamejaa na haizunguki."

Hapa sina budi kugusia suala la lugha, kwa maana nusu saa yetu ya kwanza iliteketea kwa sababu yake. Kitenzi funga kimebebeshwa mizigo mingi. Mtu hufunga mzigo, hufunga safari, hufunga bao, hufunga Ramadhani, na hakimu humfunga mwizi. Kwa habari ya mlango, funga yaweza kuwa ni kuusukuma tu mpaka ukakutana na mwimo wake, na yaweza kuwa ni kuutia ufunguo. Muktadha ndio hutuokoa. Anayesema usiku, "Funga mlango tulale," haelekei kudhaniwa anataka urudishwe tu. Mashine haina muktadha. Kwayo kufunga ni matendo mawili, moja la mtu na jingine lake yenyewe, na mimi nilikuwa nikiuliza juu ya la pili huku binti akinijibu juu ya la kwanza.

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Tunalo shindika, yaani kuurudisha mlango bila kuutia komeo. Tunalo komea, na kinyume chake komoa. Tunazo nomino komeo, kia, pingo, kitasa na kufuli. (Ajabu ni kwamba shindika ndilo pia tunalolitumia kwa kukamua mafuta ya mbegu, na kukamua ndiyo kazi ambayo mashine ile isingeweza kuifanya.) Basi nilijikohoza kama mtu aliye mbele ya darasa, nikauliza, "Je, kifuniko umekishindika tu, au kimekomewa?"

Kimya. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hiyo Kiswahili sijaielewa."

Nikaacha ualimu, nikaanza kueleza. Chini ya kifuniko pana ulimi mdogo wa plastiki. Kwenye kiwiliwili cha mashine, mkabala na ulimi huo, pana tundu. Ukirudisha kifuniko, ulimi huingia tunduni. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, mashine hupeleka umeme kwenye kitasa kilichofichwa humo ndani, komeo likasogea na kuushika ulimi. Baada ya hapo swichi ndogo hupeleka habari kwenye ubongo wa mashine kwamba ulimi umeshikwa, na hapo tu ndipo pipa huruhusiwa kuzunguka. Habari hiyo isipofika, mashine hujaribu tena mara kadhaa, kisha huwasha taa na kususa.

Tukaanza kuondoa shaka moja baada ya nyingine. Aliangalia kama pembe ya shuka imebanwa chini ya kifuniko; hapakuwa na kitu. Alitazama bawaba kama zimelegea na kukipindisha kifuniko, zilikuwa imara. Nikamwambia achomoe plagi, angoje dakika tano ili mashine isahau kosa lake, kisha aichomeke tena. Akafanya hivyo.

"Sasa bonyeza. Unasikia nini?"

"Inagonga. Ta, ta, ta, halafu inanyamaza."

Mlio huo ulinipa moyo. Nilikuwa nimeushuku umeme wenyewe, kwa kuwa jioni stima ya kwetu huishiwa nguvu, na koili iliyonyimwa volti hulivuta komeo kwa unyonge. Lakini kitasa kinachogonga si kitasa kilichokufa. Komeo lilikuwa likijaribu kutoka na kurudi. Nilikuwa bado nikitafuta namna ya kulisema hilo, binti akanitangulia.

"Mwalimu, kifuniko kimerudi sawasawa, lakini hakijashika."

Hakijashika! Ndilo neno nililolitafuta katika kamusi yote ya kichwa changu, nalo lilikuwa mdomoni mwake. Tangu hapo hatukupotezana tena. Hata hivyo, ubovu haukuondoka kwa kupata jina. Jioni ile alikamua mashuka kwa mikono, mvua ikinyesha.

Alhamisi tukamwita fundi. Alikifungua na kukirudisha kifuniko mara mbili, akasikiliza, akatamka kwamba kitasa kimeharibika na kipuri hakipatikani karibu. Kingeagizwa Nairobi. Au, alisema, ipo njia ya mkato: anaweza kuunganisha nyaya mbili za ile swichi moja kwa moja, mashine iwe inaambiwa daima kwamba kifuniko kimeshika, kishike kisishike. Kazi ya dakika kumi.

Binti alinipigia, akaniuliza. Nilikuwa nimesimama ukumbini, kengele ya kipindi imelia, mawazo yangu yako kwenye vidole vyake na mgongo wa mama. Nikasema, "Aunganishe."

Akanyamaza kidogo. "Na mtoto?"

Kaka yangu ana binti wa miaka minne anayeishi pale nyumbani. Mtoto huyo huburuta kigoda, akapanda juu yake, akatazama kupitia kioo cha kifuniko jinsi nguo zinavyocheza majini. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mwenyewe, tena nikacheka. Mashine kama ile ikikamua, pipa laweza kuzunguka takriban mara 700 kwa dakika, yaani zaidi ya mara kumi kwa kila sekunde. Shuka lililoloa likizungushwa kwa kasi hiyo hugeuka kamba. Mkono ukinaswa na kamba hiyo, hata wa mtu mzima, hautoki kwa kuvutwa. Komeo lile limewekwa kwa ajili ya mkono huo, na mimi nilikuwa nimeamuru lidanganywe.

"Asiunganishe," nikasema. Sauti yangu haikuwa ya mwalimu.

"Nilishamwambia aache," akajibu.

Simlaumu fundi. Nadhani wengi wanaomwita huuliza tu ni lini mashine itazunguka, naye huwajibu walilouliza. Mimi ndiye niliyekuwa na maarifa yote ya ulimi na tundu, hata nimeyahutubu kwenye simu, na bado nilisahau swali ambalo msichana aliyekuwa na vidole vyenye malengelenge hakulisahau.

Jumamosi alfajiri nilipanda matatu ya Kisii, nikabadilisha pale mjini, nikateremkia Tabaka kabla ya saa nne. Wasomaji waliofika Tabaka wanalijua vumbi lake. Huko ndiko kwenye jiwe la sabuni, jeupe, la waridi na la kijivu, ambalo wanaume hulichonga kwa panga na kisu, na wanawake hulilowesha maji na kulisugua kwa msasa mpaka likateleza mkononi. Vinyago na sahani zake husafiri hadi ng'ambo. Unga wake hubaki kwetu, kwenye nyasi, nyusi na nguo. Kaka yangu ni mchongaji. Tangu mashine ije, ovaroli zake zilikuwa zimehama kutoka kwenye karai.

Nilichomoa plagi, nikamulika lile tundu kwa tochi ya simu. Ndani mlikuwa mweupe. Unga wa jiwe ulikuwa umeshuka humo kila kaka alipoinamia mashine kutumbukiza nguo zake, ukakutana na matone ya sabuni, vikagandamana vikawa kitu kigumu kama ukoko wa ugali. Ulimi wa kifuniko uliingia nusu tu, na komeo lilipokuja kuushika lilikuta pembe ya plastiki likateleza. Kwa macho kifuniko kilikuwa kimetulia mahali pake. Kilichopungua kilikuwa kama upana wa punje ya mtama.

Nilichukua kijiti cha mwanzi, mswaki mkuukuu na kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kisha kukamuliwa, ili maji yasiingie kwenye nyaya. Kazi ilichukua karibu dakika ishirini. Ukoko ule ulitoka vipande vipande, na kaka, aliyekuja kusimama nyuma yangu, akaokota kipande kimoja, akakisugua kwa kidole gumba kama afanyavyo anapopima jiwe. Hakusema kitu. Nilifuta pia ulimi wenyewe, nikaacha vikauke, nikachomeka plagi.

Binti ndiye aliyebonyeza. Ta. Mara moja tu, kwa uzito, kisha taa ikatulia na pipa likaanza kujigeuza polepole. Alivuta kifuniko kwa nguvu kujaribu, hakikusogea. Kupitia mlango wa chumba nilimwona mama, ambaye tangu augue maneno yake yamekuwa ya kuhesabika, akiinua mkono wa kushoto kidogo juu ya blanketi.

Siku hizi kaka hukung'uta ovaroli zake langoni, kisha huzisuuza kwenye karai kabla ya kuzileta ndani, na kila Jumapili kuna mswaki unaopitishwa tunduni. Binti amebandika karatasi juu ya mashine, ameandika kwa kalamu nyekundu: SIKIA TA KWANZA. UKIONA HAIJASHIKA USILAZIMISHE. Mtoto bado hajui kusoma, lakini amefundishwa maneno hayo kwa moyo, naye huyatamka kila anapopanda kigodani.